Msuluhishi si mwamuzi: Neno moja lilivyompotezea mwekezaji haki yake

WAHENGA walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuishi wakaiona siku ambapo mali ingekuwa na daftari, tena daftari la kielektroniki lisilochanika wala kuliwa na mchwa, na bado ikapotea. Na mwenyewe alipouliza, akaonyeshwa sahihi yake chini ya maneno ambayo hakuyaelewa.

Nayaanza makala haya kwa majuto. Miaka kadhaa iliyopita, jirani yangu kule Uthiru, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alinijia jioni moja akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na mkataba kati yake na kampuni moja ya uwakala wa hisa yenye ofisi katikati ya jiji. Mama huyo alikuwa amegundua kwamba sehemu ya hisa zake ilikuwa imeuzwa ilhali yeye hakutoa agizo lolote. Alipolalamika, kampuni ilimjibu kwa barua fupi kwamba mgogoro huo ungepelekwa kwenye kile ambacho mkataba, ulioandikwa kwa Kiingereza tupu, ulikiita ‘arbitration’.

“Mwanangu, wewe ndiwe daktari wa lugha,” aliniambia. “Hiki ni kitu gani?”

Nikamjibu bila kusita: “Ni usuluhishi, mama.”

Jibu hilo lilimtuliza moyo. Mama huyu aliujua usuluhishi vizuri. Alikuwa amekaa katika vikao vingi vya aina hiyo, vya mipaka ya mashamba na vya ndoa zilizotikisika. Katika usuluhishi watu huketi, husikilizana, kila upande huachia kidogo, na asiyeridhika huinuka akaenda zake mahakamani. Basi akaenda kwenye kikao chake bila wakili na bila kuuliza zaidi. Aliyeketi kusikiliza akatoa uamuzi wake kwa maandishi: kwamba katika fomu ya kufungulia akaunti mama alitia sahihi kifungu kilichompa wakala idhini ya kuuza pale atakapoona inafaa. Akarudishiwa ada ya uwakala pekee, na akatakiwa kulipa nusu ya gharama za shauri.

Mama hakushtuka. Aliiweka karatasi ile kabatini akingoja waitwe tena, kwa maana suluhu haikuwa imepatikana. Alipoona kimya kinazidi, akamwendea wakili. Huko aliambiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba uamuzi ule ulikuwa wa mwisho. La pili, kwamba muda wa miezi mitatu ambao sheria inampa mtu kuiomba Mahakama Kuu iutangue uamuzi wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kupita.

“Mbona uliniambia ni usuluhishi?” aliniuliza aliporudi.

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na kuwajibu wengine wengi walio katika hali yake.

Ni vyema tuanze na soko lenyewe. Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka wa 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Halikuwa na ukumbi wa biashara. Madalali wake wa mwanzo walikutania katika Hoteli ya Stanley, wakifanya biashara kwa kuaminiana. Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa hadi baada ya uhuru wa mwaka wa 1963. Kwa hiyo utaratibu wa soko, pamoja na lugha yake, ulitungwa na watu wachache kwa ajili ya watu wachache waliofahamiana. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1989, ikaanza kazi mwaka wa 1990. Biashara ikaingia katika ukumbi rasmi, ikakaa kwa miaka mingi katika jumba la Nation Centre, barabara ya Kimathi. Mwezi wa Novemba 2004 vyeti vya karatasi vilianza kuipisha hifadhi kuu ya kielektroniki. Mwaka wa 2011 soko lilibadilisha jina lake la Kiingereza ili lijumuishe dhamana za kila aina, na mwaka wa 2014 lenyewe likawa kampuni iliyouza hisa zake kwa umma. Leo makao yake yako Westlands.

Katika safari hiyo wateja nao walibadilika. Mwaka wa 2006 serikali ilipouza hisa za KenGen kwa Sh11.90 kila moja, mwananchi wa kawaida alipanga foleni kwa mara ya kwanza kwa wingi uliowashangaza hata madalali wenyewe. Mwaka wa 2008 ikaja zamu ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja Sh5, na waombaji zaidi ya 800,000. Walimu, wachuuzi wa Kawangware, wahudumu wa matatu wa Kangemi, wajane wenye akiba ya chama, wote walitia sahihi fomu. Soko la watu wachache likawa soko la umma. Lakini mikataba ilibaki katika lugha ile ile ya wachache.

Wakati huo huo nyumba ilikuwa imeanza kupata nyufa. Mwaka wa 2007 kampuni ya Francis Thuo and Partners ilianguka. Mwezi wa Machi 2008, wiki chache tu kabla ya mauzo ya Safaricom kufunguliwa, Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Discount Securities nayo ikaanguka, na humo Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni ikapoteza zaidi ya shilingi bilioni moja za akiba ya wafanyakazi. Mwaka wa 2010 ikawa zamu ya Ngenye Kariuki and Company. Miongoni mwa malalamiko yaliyosikika sana katika miaka hiyo ni hili hili la mama wa Uthiru: hisa kuuzwa bila idhini ya mwenyewe, au fedha za mauzo kutomfikia. Mfuko wa Kuwafidia Wawekezaji uliwafuta machozi wengi wao, lakini kima cha juu kilikuwa Sh50,000 kwa kila mdai, awe alipoteza Sh60,000 au milioni mbili.

Naam, kampuni ikianguka kuna mfuko. Je, kampuni isipoanguka? Je, kampuni ikiwa imesimama imara, na ugomvi ni kati yake na mteja mmoja tu, mteja huyo aende wapi?

Kwenye karatasi njia zipo. Anaweza kulalamika kwa kampuni yenyewe, kisha kwa Mamlaka. Kanuni za mwaka wa 2011 kuhusu mwenendo wa mawakala zinadai wamtendee mteja kwa haki. Ipo pia mahakama maalumu ya rufaa kwa wanaopinga uamuzi wa Mamlaka. Zipo mahakama za kawaida. Lakini mkataba ukiwa na kifungu kinachosema kwamba migogoro yote itaamuliwa na mwamuzi wa faragha, mlango wa mahakama huwa umerudishwa nusu. Sheria ya mwaka wa 1995 inayosimamia jambo hili, iliyofuata mfano uliotungwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1985, inamruhusu aliyeshtakiwa kuiomba mahakama isimamishe kesi mapema kabisa ili pande zote ziende kwa mwamuzi waliyekubaliana. Mahakama haina hiari kubwa: ikiwa makubaliano yapo, ni halali na yanatekelezeka, na ugomvi unaingia ndani yake, kesi husimama.

Mwamuzi akisha kusema, amesema. Mahakama Kuu inaweza kuutangua uamuzi kwa sababu chache tu: mhusika hakuwa na uwezo wa kisheria wa kuingia katika makubaliano, hakuarifiwa ipasavyo, mwamuzi amevuka mipaka ya alichopewa, pameingia hongo au ulaghai, au uamuzi unapingana na maslahi ya umma. Kwamba mwamuzi amekosea katika kuzipima hoja, hilo peke yake si sababu. Mwaka wa 2019, katika kesi kati ya Nyutu Agrovet na Airtel, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba hata rufaa ya kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa katika mambo haya itasikilizwa kwa nadra tu, pale ambapo Mahakama Kuu imepotoka kabisa. Nia ni njema: ugomvi uwe na mwisho. Ila mwisho huo unamfaa yule aliyejua tangu mwanzo kwamba anauendea.

Hapa ndipo isimu inapoingia, na hapa ndipo nilipokosea.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo sisi wasemaji huyatumia kama ndugu pacha, ilhali kila moja lina baba yake. La kwanza ni upatanishi. Mzizi wake ni pata, ukatiwa kiambishi cha kutendana: patana. Watu hupatana wao kwa wao. Mpatanishi husaidia tu, hana uwezo wa kumlazimisha yeyote. La pili ni usuluhishi, kutokana na suluhu, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya amani na maafikiano. Suluhu nayo haipatikani ila kwa ridhaa ya pande mbili. Ndiyo maana hata katika kandanda tunasema timu zimetoka suluhu pale ambapo hakuna aliyeshinda. La tatu ni uamuzi. Kuamua, katika maana yake kongwe, ni kuwatenganisha wapiganao. Mwamuzi haombi ruhusa. Huingia kati, akakata shauri, na aliyekatiwa hana budi kutii. Mtoto wa darasa la tatu anayecheza mpira Kangemi anajua kwamba mwamuzi akipuliza kipenga cha mwisho mchezo umekwisha, hata kama penalti ile haikuwa halali.

Kitu kilichoandikwa katika mkataba wa mama yule kilikuwa uamuzi. Mimi nikamwambia ni usuluhishi. Sikuwa peke yangu katika kosa hilo. Magazeti, redio na hata baadhi ya kamusi hulitumia neno usuluhishi kwa yote mawili. Lakini wingi wa wakosaji haulifanyi kosa kuwa usahihi, na mtu wa taaluma yangu hana haki ya kujificha nyuma ya umati.

Wenzetu wa Tanzania wamelitambua jambo hili katika sheria za kazi. Chombo chao cha kutatua migogoro ya wafanyakazi na waajiri, kilichoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2004, kinaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hayo ni majina mawili kwa hatua mbili. Kwanza watu hujaribu kusuluhishwa, wakishindwa, huamuliwa. Mfanyakazi anayeingia katika ofisi hiyo ameonywa na kibao cha mlangoni kabla hajakutana na wakili. Sisi tunayo Katiba ya mwaka wa 2010 inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 159, inazihimiza mahakama zikuze maridhiano, upatanishi, uamuzi wa faragha na njia za jadi. Lakini mwananchi hawezi kunufaika na njia nne ikiwa zote anaziita kwa jina moja.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni lile tunalomwitia mwenye kutuuzia hisa. Wengine husema dalali, wengine wakala. Dalali, kwa mazoea ya masoko yetu, ni mtu wa kunadi; anapaza sauti, anapata fungu lake, anaondoka, na kila mnunuzi anajua kwamba ajichunge mwenyewe. Wakala ni mtu uliyemkabidhi jambo lako alitende kwa niaba yako na kwa faida yako. Sheria inamtaka mtu wa hisa awe wakala: alichonacho ni amana. Akitangaza biashara yake hujiita wakala, lakini ugomvi ukizuka hudai kutendewa kama dalali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Haitakuwa insafu kuzungumza kana kwamba utaratibu wa uamuzi wa faragha hauna faida. Kesi za madai katika mahakama zetu za Milimani zimewahi kuzeeka mpaka wadai wakafariki kabla ya hukumu. Mwamuzi anayeijua biashara ya hisa anaweza kusoma taarifa ya akaunti kwa saa moja pale ambapo hakimu mwenye mafaili mia angehitaji wiki. Kampuni inayotunza jina lake huona afadhali kulipa faraghani kuliko kuanikwa. Yote haya ni kweli. Lakini faragha hiyo ina upande wa pili. Hukumu ya mahakama husomwa hadharani, na mwekezaji wa kesho hujifunza kutokana na msiba wa mwekezaji wa jana. Uamuzi wa faragha huzikwa kabatini. Kampuni, ambayo itakuwa na migogoro kumi, inajua yote kumi ilivyoamuliwa. Mteja, ambaye atakuwa na mgogoro mmoja maishani, hajui hata mmoja. Pande hizo mbili zinaingia chumba kimoja, lakini haziingii zikiwa sawa.

Marekani imeupitia mjadala huu kabla yetu. Mwaka wa 1953 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mwekezaji anayedai amelaghaiwa asizuiwe kwenda mahakamani kwa sababu tu ya kifungu alichokitia sahihi kabla ya ugomvi kuzuka. Mwaka wa 1987 mahakama hiyo hiyo iligeuza mkondo, na mwaka wa 1989 ikaufuta kabisa uamuzi wa 1953. Tangu hapo migogoro mingi ya wateja na madalali nchini humo imesikilizwa na waamuzi, siku hizi chini ya chombo kiitwacho FINRA kilichoundwa mwaka wa 2007. Unaweza kuupenda utaratibu huo au kuuchukia. Lakini jambo moja ndani yake linafaa kuigwa: kanuni zinalazimisha kifungu hicho kitanguliwe na onyo la wazi, kikimwambia mteja kwamba anaiacha haki ya kushtaki mahakamani, kwamba uamuzi kwa kawaida huwa wa mwisho, na kwamba kuutangua ni kugumu. Juu ya mahali pa kutia sahihi pia pawekwe maneno ya kumkumbusha kuwa kifungu hicho kimo, na ukurasa kilipo. Aidha, tangu mwaka wa 2011 mteja anaweza kuchagua jopo lisilo na mtu wa tasnia ya hisa hata mmoja.

Nini kifanyike kwetu? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mapinduzi.

Kwanza, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikitaka kifungu cha uamuzi kiendelee kuwamo katika mikataba ya wateja wadogo, iamuru kiandikwe kwa Kiswahili pia, kwa herufi zinazosomeka, na kitiwe sahihi peke yake. Maneno yake yanaweza kuwa mepesi: “Tukigombana, mwamuzi ataamua. Uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Hutaweza kuanza upya mahakamani.” Sentensi tatu tu, na mama wa Uthiru angeujua ukweli bila kunihitaji mimi.

Pili, tuitumie haki ambayo tayari tunayo. Sheria yetu ya mwaka wa 1995 inaziruhusu pande zinazogombana kukubaliana lugha ya shauri lao. Hakuna kinachokataza lugha hiyo iwe Kiswahili. Mahakama Kuu ina mazoea yake ya Kiingereza yaliyoota mizizi katika sheria; chumba cha mwamuzi hakina minyororo hiyo. Ni ajabu kwamba mahali penye uhuru mkubwa zaidi wa lugha ndipo tunapoutumia kidogo zaidi.

Tatu, kwa madai madogo, mteja aachiwe kuchagua njia baada ya ugomvi kuzuka, si kabla. Tangu mwaka wa 2021 Nairobi ina Mahakama ya Madai Madogo, yenye uwezo wa kusikiliza madai ya fedha yasiyozidi Sh1 milioni na inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Sababu kuu ya kumfungia mteja mdogo nje ya mahakama ilikuwa kwamba mahakama ni polepole. Pale ambapo dai lake linaweza kusikilizwa katika mahakama hii, sababu hiyo imepungua nguvu.

Nne, waamuzi wa migogoro ya hisa wachapishe muhtasari wa maamuzi yao, majina ya wahusika yakiwa yameondolewa. Faragha ya mtu italindwa, na elimu ya umma haitazikwa.

Kuna watakaosema kwamba mwekezaji ni mtu mzima. Ametia sahihi, basi abebe mzigo wake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama sahihi ingekuwa ni alama ya wino pekee. Lakini sahihi ni tendo la lugha: ni kusema “nimesoma, nimeelewa, nimekubali”. Lolote kati ya matatu hayo likikosekana, kinachobaki ni mchoro. Nchi inayowaalika wananchi wake kununua hisa kwa matangazo ya Kiswahili redioni, kisha ikawafunga kwa mikataba ya Kiingereza ofisini, inawachorea watu mtego kwa lugha mbili.

Dau la mnyonge haliendi joshi, husemwa. Lakini walau mnyonge aambiwe upepo unavuma kutoka wapi kabla hajatweka tanga.

Mama yule angali jirani yangu. Hisa zake hazikurudi, na hatujawahi kukosana kwa ajili yake. Mwezi uliopita mjukuu wake alileta fomu ya kufungua akaunti katika kampuni nyingine ya uwakala. Mama akamtuma kwangu na fomu yenyewe pamoja na ujumbe mmoja: “Mwambie daktari aisome polepole safari hii.” Tuliisoma, kijana na mimi, kifungu kwa kifungu, hadi giza lilipoingia. Tulipokifikia kile cha migogoro, nilichukua kalamu nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa: UAMUZI. Kisha nikamweleza maana yake, naye akauliza maswali saba kabla ya kutia sahihi.